Makaburi ya Majirani

Mwanangu Rayya,

Salamu za kukuletea sina, maana uko chumba cha pili na nakusikia unafunga na kufungua zipu ya sanduku. Lasiri imeshapita. Shangazi yako wa Al Amerat atakuja alfajiri kukuchukua, na usinambie tena habari ya teksi. Ndiyo, uwanja wa ndege uko dakika kumi kutoka hapa Sib, na yeye atavuka majabali yote yale kwa safari ya dakika kumi. Bora hivo. Dereva wa teksi simjui, na wewe humjui.

Ya vidonge vya malaria, ya kufunga mlango mara mbili, ya kutokubali kubebewa mkoba na mtu, nshakwambia mpaka umechoka. Siyarejei. Nna jambo jengine, nalo siwezi kukwambia uso kwa uso, kwa sababu toka tugombane Jumapili kila nikifungua mdomo linatoka swali. Unafanya nini, unaongea na nani, nani kakwambia. Kwenye karatasi angalau naweza kulikata swali kabla hujaliona.

Nianze na kosa la karibu. Simu yako niliisoma. Uliiacha jikoni inachaji ukaenda kuoga, ikawaka, nikasogea. Kulikuwa na maneno ya huyo Asha, msichana atakayekupokea Unguja, ambaye wewe ulinambia ni mwenzio tu wa hospitali unayokwenda kufanyia kazi. Ameandika: "Bibi Mize anauliza mama yako anakuja lini. Macho hayaoni tena lakini anakumbuka yote. Kaburi la babu yako tumelisafisha wiki iliyopita."

Nikaingiwa na wazimu. Ulipotoka bafuni nilikungojea mlangoni na simu mkononi. Nikakuuliza umewajuaje watu hawa, nani aliyewapa jina letu, wanataka nini baada ya miaka yote hii. Ukanieleza kwa utulivu kwamba Asha ni mjukuu wa Bi Mize na ulimtafuta mwenyewe, kwamba jina la Bi Mize ulilisikia kwa bibi yako zamani. Mimi sikukusikiliza. Nikasema kama kaburi lipo kweli, mbona hawakutuma picha? Ukanitazama sana, kisha ukasema: "Mama, wewe hata maiti huwaamini." Ukaingia chumbani kwako.

Sikukasirika kwa kuvunjiwa heshima, hilo nshakusamehe. Neno limenikaa kwa sababu ni kweli, na wewe hujui ni kweli kiasi gani. Wewe ulilisema kwa hasira tu. Mimi niliwahi kuliandika kwa kalamu, nikalipiga muhuri.

Unaukumbuka ule mji mdogo wa mwambao wa Batina tuliokuwa tukenda kila mwaka baada ya Idi ndogo? Tunateremka kutoka barabara kuu, tunapita kituo cha petroli na mkahawa wa chai ya maziwa, halafu nasimamisha gari mbele ya ukuta mweupe. Nakununulia juisi, nakwambia ukae garini, naingia peke yangu. Ulipokuwa na miaka saba uliniuliza mle ndani kuna nani. Nikakujibu, majirani. Ukasema sisi tunakaa Sib, vipi tutakuwa na majirani huku? Nikakwambia unywe juisi yako.

Mle ndani ni makaburi ya Mayahudi. Na nusu yake hayamo tena, kwa sababu yangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, mdogo kuliko wewe sasa, karani wa ofisi ya ardhi. Hatukuwa na muda mrefu toka tufike Oman, baada ya miaka ya kutangatanga kwengine. Watu wakisema tumerudi, na mimi nilikuwa sijapata kuwapo. Kiarabu changu kiliwachekesha wenzangu ofisini. Nikitamka neno, mmoja anamtazama mwenzake. Basi nikaamua ntawashinda kwa kujua. Nikajifunza mila za huku kama mtu anayesoma kwa mtihani: kahawa inamiminwa vipi, kikombe kinatikiswa vipi ukishatosheka, nani anaanza kusalimu. Na siku aliyozikwa bibi yako mzaa baba, marehemu baba yako aliporudi makaburini alinieleza kwamba huku kaburi halijengwi wala haliandikwi jina. Mwanamme huwekewa mawe mawili, kichwani na miguuni. Mwanamke matatu, la tatu katikati. Basi. Nikalishika hilo pia, na nikajiona mimi sasa ndiye Mwomani kamili.

Na kitu cha pili nilichokuwa nacho ni dhana. Hiyo sikujifunza huku, nilikuja nayo. Bibi yako mzaa mama alinyang'anywa nyumba Unguja na hati anazo mkononi, na toka siku ile akilala na karatasi zake chini ya godoro. Jirani akileta sahani ya chakula, yeye anauliza ameleta kwa nini. Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo ilikuwa nyimbo yake ya kutulazia. Simlaumu. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilizaliwa na aliyetafunwa.

Sasa, miaka ile ardhi ilikuwa inapimwa kote Batina, na ujanja ulikuwa mwingi. Mtu anapanda mitende kumi leo, kesho anaapa imepandwa na babu yake. Mwengine anajenga kibanda cha mbuzi na kukiita nyumba ya urithi. Likaja mezani kwangu jalada la malalamiko: mzee mmoja, jina lake Khalfan, ameweka ua wa makuti kuzunguka kipande kizuri karibu na pwani, na anasema ni makaburi. Tena si ya watu wake, ya Mayahudi. Nilicheka peke yangu. Mwislamu gani huyo, anayelinda makaburi ya Mayahudi? Nilikuwa nshamkamata kabla sijamwona.

Mkuu wangu alinituma na dereva. Mzee Khalfan alitutolea kahawa na tende, na mimi nikanywa kikombe kimoja tu, nikakitikisa haraka, asije akadhani kaninunua. Akanipeleka uani. Nikatazama. Mawe mawili hakuna. Matatu hakuna. Kulikuwa na matuta ya matofali yenye migongo ya duara, yamepakwa chokaa, na chokaa yenyewe mbichi, nyeupe. Tena yamelala vibaya. Kaburi letu hukingama na upande wa kibla ili maiti alazwe ubavu wake wa kulia, uso uelekee Makka. Haya yalikuwa yamenyoosha miguu kwenye machweo, ambako huku ndiko upande wa kibla. Juu ya kila tuta pana vijiwe vidogo vya pwani, visafi, vimewekwa juzi au jana. Na kwenye ubao mmoja wa jiwe kulikuwa na maandishi asiyoyajua yeye wala mimi. Moyoni nikasema, na uchawi tena.

Nikamuuliza mulkia, yaani hati ya umiliki, iko wapi. Hana. Nikamuuliza kroki, ile ramani ya kiwanja. Hana. Nikamuuliza nani aliyempa ardhi hii, akasema haikuwa ya kupewa, ni amana ya jirani. Jina lake? Halijui, bibi yake alikuwa akimwita jirani tu. Sasa yuko wapi huyo jirani? Mungu ndiye ajuaye. Kila jibu niliandika na huku nafurahi, wallahi nilifurahi. Alitaka kuendelea kunieleza, akainua mkono hivi, nami nikafunga daftari nikamwambia imetosha.

Ripoti niliandika kwa mwandiko wangu mzuri: Hakuna makaburi. Ni matofali yaliyorundikwa karibuni. Nikaandika karibuni kwa sababu ya ile chokaa. Haikunipitikia kwamba chokaa mpya maana yake ni kuwa mtu ameipaka upya, na kwamba huenda amekuwa akiipaka kila mwaka.

Haikupita miezi mingi, likaenda tingatinga kusawazisha viwanja. Lilianzia upande wa bahari. Safu mbili zilishakwenda pale dereva wake, Mbalushi mmoja, alipozima injini, akateremka, akakaa chini akakataa kupanda tena. Hakuna aliyemgombeza. Kila aliyekwenda kutazama kilichofukuliwa alirudi akakaa chini kando yake. Ofisi ikapigiwa simu, na mkuu wangu akaniambia nipande gari.

Nilimkuta Mzee Khalfan amepiga magoti kwenye vumbi, anaokota vile vijiwe anavitia kwenye pindo la kanzu yake. Mifupa walikwisha kuirudisha chini, yeye na imamu wa msikiti wao, mahala pamoja, sababu haikujulikana tena upi wa nani. Nilisimama pale nikingoja anitukane. Nilitaka anitukane, ningejua la kujibu. Badala yake alinikaribisha kivulini na akanimalizia yale niliyomkatiza.

Alisema watu wale walikuwapo mjini toka zamani isiyo na mtu wa kuikumbuka. Walikuwa wafua fedha, wakifanya bangili na ala za majambia, na wengine wakiuza nguo. Walikuwa na nyumba yao ya kusalia, ambayo hata ukuta wake haujulikani ulikuwa wapi. Wake zao na wake wa hapa wakiazimana chekeche na sufuria. Kisha biashara ikahama, na wao wakahama mmoja mmoja, Maskati, Basra, Bara Hindi. Alisema hakuna aliyewafukuza. Halafu akajisahihisha: ndivyo alivyoambiwa yeye. Hapo mimi nilitia shaka na mpaka leo naitia, na hii ni shaka pekee nnayojivunia. Watu hawaachi makaburi yao bure. Sisi hatukuacha ya kwetu bure.

Wa mwisho alikuwa mjane. Mume wake na watoto wake wawili wamelala pale, kwenye safu za upande wa bahari. Siku ya kuondoka alimwendea bibi yake Khalfan, akamwambia: mimi nikija huwawekea kijiwe, wajue kuna mtu kafika, sasa niwekee wewe. Hakukuwa na karatasi wala shahidi. Bibi akaweka mpaka akafa, akaweka binti yake mpaka akafa, kisha akaweka Khalfan. Hakupata kuyaita makaburi ya Mayahudi. Akisema makaburi ya majirani.

Kisha akaniuliza, si kwa ubaya, kama mtu anayeuliza khabari za nyumbani: "Na wenu nyinyi, huko mlikotoka, nani anawaangalia?"

Nikajibu: "Hatuna mtu."

Rayya, huo ulikuwa uwongo.

Babu yako, baba yangu mimi, amezikwa Fuoni. Siku tuliyoondoka Unguja bibi yako hakumuaga mtu, akiogopa kuchongewa. Lakini Bi Mize, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alijua tu. Alikuja na mkate wa ufuta umefungwa kwenye kitambaa, ungali wa moto, akasema, "Mzee wenu niachieni mimi." Bibi yako aliupokea mkate na asijibu. Tulipokwisha kuingia garini akasema: anakitaka kiwanja, huyo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili nikamwamini. Mkate tuliula, lakini.

Barua za Bi Mize zilitufuata. Zikija na wasafiri, moja baada ya mwaka, pengine mbili. Bibi yako hakutaka zifunguliwe. Akisema ukishafungua umeshaingia kwenye maneno yake. Hakuzitupa vile vile, alizitia kwenye bati la biskuti. Siku ile niliporudi kutoka Batina nilijifungia nikazifungua zote. Nilitafuta neno la kuomba, la kudai, la mtego. Nilizisoma mara mbili mbili nikilitafuta. Hamna. Masika yamebomoa ukingo, nimeutengeneza. Majani yalikuwa marefu, tumeyafyeka. Kaburi nimelipaka chokaa, linapendeza. Chokaa, Rayya. Wakati ule ule ambapo mimi nilikuwa nikiandika kwamba chokaa ni ushahidi wa wizi.

Utaniuliza, basi ukamjibu? Sikumjibu. Mwanzo niliona haya. Haya ilipopungua, ile nyingine ikarudi mahala pake: mtu anafanya haya yote kwa lipi? Tena nilikuwa nshamwona Khalfan kwa macho yangu haya. Funzo nililipata machoni, moyoni halikuteremka. Barua zikakoma, nami nikajiambia Bi Mize amekufa, nikamrehemu, nikapumzika. Kumbe yu hai, na anauliza nakwenda lini.

Kule ofisini hakuna aliyenilaumu. Ripoti ilibadilishwa kimyakimya, yaliyobaki yakajengewa ule ukuta mweupe, na mwaka ule ule nikapandishwa cheo. Kwenye zile safu mbili kuna nyumba sasa, watu wema, wana watoto na mabustani. Hawajui. Mimi najua jiko la nani liko palipokuwa makaburi.

Nilianza kwenda kila mwaka kumsaidia Mzee Khalfan kuweka vijiwe. Hakunialika wala hakunifukuza. Mwaka alioshindwa kutembea aliniita, akanambia sasa kazi ni yangu. Nilishtuka. Nikamuuliza ana watoto na wajukuu, kwa nini aniachie mimi niliyebomoa. Akasema: "Wao watasahau. Wewe hutosahau." Mpaka leo sijui kama ilikuwa msamaha au adhabu, na nimetafuta pande zote mbili.

Sasa sikwambii uende ukamwamini kila mtu. Mimi mwenyewe siwezi, na Unguja ina wajanja kama Sib. Dhana ntakufa nayo. Ila ukimshuku mtu muulize, kisha ungoje jibu mpaka limalizike. Mimi nilimuuliza Khalfan maswali matano na sikungoja hata jibu moja limalizike. Nawe nilikuuliza Jumapili, mlangoni, na simu yako mkononi mwangu, na sikungoja. Nisamehe, mwanangu. Simu sitaigusa tena, na kesho itakuwa mbali hata nikitaka.

Nilikuahidisha unitumie picha ya kitambulisho cha Asha kabla hujapanda gari lake. Basi, iache. Panda tu.

Sandukuni mwako, chini ya khanga, nimetia lile bati la biskuti. Usilifungue njiani. Ukifika kwa Bi Mize kaa naye chini, na kwa kuwa haoni, msomee barua zake mwenyewe, moja moja, kwa sauti. Mshikishe bahasha azipapase ajue zote zimefunguliwa. Mwambie zilifika. Mwambie mkate tuliula, ulikuwa mtamu. Akikuuliza mama yako anakuja lini usinitungie udhuru, sema hujui, maana hata mimi sijui. Mwaka huu baada ya Idi ntakwenda Batina peke yangu na juisi ntainywa mwenyewe.

Halafu mwende Fuoni. Nasikia huko kumejaa majumba, na mimi najua majumba yanavojaa. Ukilikuta, nambie lipo. Usipolikuta, nambie halipo.

Lakini usinitumie picha, Rayya. Nambie kwa mdomo wako tu. Ntaamini.

Mama yako